Dokta Livingstone, kiu ya watoto wake na hamu ya chumvi

David Livingstone wengi tunamkumbuka kwa kukutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871. Kabla ya hapo alikuwa daktari na baba wa watoto wadogo. Alizaliwa Scotland mwaka 1813, akafanya kazi kiwandani tangu akiwa na miaka 10, akasomea udaktari, akafika Afrika Kusini mwaka 1841 na huko akamwoa Mary Moffat.

Mwaka 1851 waliondoka Kolobeng, Botswana ya leo, na watoto watatu kwenye magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kiongozi wao akapotea njia, maji yakaisha. Watoto walisumbuka kwa kiu. Mary, naye mjamzito, hakumlaumu mumewe kwa neno, alitoa machozi tu. Maji yalipatikana siku ya tano.

Kiu huanzia kwenye ubongo. Jasho, homa au kuhara vikipunguza maji mwilini, chumvi kwenye damu hukolea. Ubongo hulipima hilo, huamsha kiu na kutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamuru figo zibane maji. Ndiyo maana mkojo huwa kidogo na wa njano iliyokolea. Homoni nyingine, anjiotensini, huamsha kiu na hamu ya chumvi pia. Mwaka 1998 watafiti walionyesha hivyo kwa nyani.

Livingstone mwenyewe aliwahi kukaa miezi minne bila chumvi, mara mbili, akila mimea tu. Cha ajabu, hakuitamani chumvi. Alitamani nyama na maziwa, vyakula vyenye chumvi yake ya asili. Waganga wa Bakwena nao waliwatia chumvi kwenye dawa maskini waliougua kwa kukosa chumvi. Walijua kazi yao.

Alifariki mwaka 1873, katika Zambia ya leo, baada ya kuharisha damu kwa muda mrefu. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Kuhara huondoa maji na chumvi kwa pamoja, na mtoto mchanga hawezi kusema ana kiu. Wa chini ya miezi 6, akiwa mzima, maziwa ya mama yanamtosha hata joto la Mlimba likizidi. Anayeharisha, mkubwa au mdogo, mpe ORS iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko, huku ukiendelea kumnyonyesha. Usikisie chumvi kwa mkono. Ikizidi ni hatari. Msimu wa mpunga, beba pakiti mbili unapokwenda shambani. Macho yakididimia, au akilegea asiweze kunywa, mkimbize kituo cha afya saa hiyohiyo, na njiani endelea kumnyonyesha au kumpa ORS ikiwa anaweza kumeza.