Rudolf Diesel: jina tunalitaja kila siku, mwenyewe aliishia baharini

Wadau, kijana wa Mkonze anaujua ule mlio. Lori limesimama, dereva anapiga resi, moshi mweusi juu, na pembeni watu wanabishana gari gani lina nguvu. Leo tumwangalie mtu aliyeuanzisha ubishi huo. Wengi hata hawajui kuwa dizeli lilikuwa jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake Wajerumani, baba akitengeneza bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zikapigana, familia ikakimbilia London, na dogo akiwa na miaka 12 akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg, Ujerumani. Jamaa alikuwa kichwa! Mwaka 1880 akamaliza chuo cha ufundi Munich na alama za juu kabisa. Mwalimu wake, Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za barafu, akampa kazi.

Kilichomkera ni injini za mvuke. Zilikula makaa ya mawe kibao, lakini joto lililogeuka kuwa kazi lilikuwa kama asilimia 10 tu. Yeye akawaza hivi: hewa ukiibana sana inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochemka mkononi. Basi ibane zaidi, ingiza mafuta, yatawaka yenyewe bila plagi. Mwaka 1892 akaomba hati ya uvumbuzi. Jaribio la kwanza, mwaka 1893, kifaa cha kupimia kikalipuka, nusura kimjeruhi. Hakuacha. Februari 1897 injini yake ikapimwa rasmi: karibu nguvu 20 za farasi, na zaidi ya asilimia 26 ya joto ikawa kazi.

Sasa sikilizeni, wapenda resi. Injini ile ilizunguka mara 170 hivi tu kwa dakika, ina flaiwili kubwa nzito. Hapo ndipo kuna siri. Kitu kizito kukizungusha haraka kunakula nguvu. Tupige hesabu ya mfano: sehemu zinazozunguka zinahitaji kilojuli 44 kutoka mizunguko 1000 hadi 3000 kwa dakika. Ukipandisha kwa sekunde 4, zinakula kilowati 11, karibu farasi 15. Ukipandisha kwa sekunde 2, zinakula kilowati 22, karibu farasi 30! Hazijapotea, zimo kwenye mzunguko, ila kwa wakati huo haziendi kwenye matairi. Ndiyo maana gia namba moja, ambapo injini inapanda upesi, inameza zaidi kuliko gia za juu. Na turbo nayo inataka mzigo na muda kidogo ndipo ijaze hewa. Wanaoshindana na pikapu za dizeli kule Marekani, robo maili, huibana injini kwa breki kwanza, turbo ijae, ndipo waachie. Kwa hiyo resi ya bure pale kituoni haionyeshi nguvu yoyote, inachoma mafuta tu.

Turudi kwa mzee wetu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Naam, karanga! Baadaye Diesel mwenyewe aliyatetea mafuta ya mimea, akiona kuwa mkulima angeweza kujizalishia nishati. Sisi wa Dodoma, na karanga na alizeti zetu, hilo linatuhusu moja kwa moja.

Lakini utajiri ulimponyoka. Kesi za hati, biashara mbovu, afya ikayumba, madeni yakamzidi. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa kwenye meli Dresden, kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaenda chumbani. Asubuhi hayupo. Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi wakaokota mwili, na vitu vya mfukoni vikatambuliwa na mwanawe. Alijiua, aliteleza au aliuawa? Hadi leo ni ubishi. Alikuwa na miaka 55.

Malori ya dizeli yalianza kuuzwa mwaka 1924, yeye hayupo. Kila gunia linalopita barabarani kwetu linabebwa na wazo lake, na yeye alikufa na madeni.

Haya wadau, dereva wa kituoni anapiga resi ya nini? Mwageni maoni hapo chini.