Linus Pauling: Mkemia aliyefichua siri ya selimundu

LINUS Pauling alizaliwa Februari 28, 1901 mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Babake, aliyekuwa mwuza dawa, alifariki 1910 na kumwachia mjane mzigo wa kulea watoto watatu. Ufukara haukumzuia Pauling kusoma. Mnamo 1925 alihitimu shahada ya uzamifu katika taasisi ya Caltech, California, alikofanya kazi hadi 1963.

Dunia inamkumbuka zaidi kwa Tuzo mbili za Nobel ambazo hakugawana na yeyote: ya Kemia, 1954, na ya Amani, 1962, kwa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia. Hata hivyo, kwa familia nyingi za Afrika, kazi yake iliyo na uzito zaidi ilianzia katika mazungumzo ya mwaka 1945.

Mwaka huo, Daktari William Castle alimsimulia kuhusu ugonjwa ambao huzikunja chembechembe nyekundu za damu zikafanana na mundu. Castle alitaja kwamba hali hiyo huzidi katika damu iliyopungukiwa na oksijeni. Pauling, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akichunguza himoglobini, kibebaji cha oksijeni, akashuku papo hapo kwamba kasoro imo humo, wala si katika chembe yenyewe.

Jukumu la kuthibitisha hilo alimpa mwanafunzi wake Harvey Itano, daktari kijana ambaye mwaka 1942 alikuwa amezuiliwa kambini na serikali ya Marekani kwa sababu tu ya asili yake ya Kijapani. Itano, akisaidiwa na Jonathan Singer na Ibert Wells, alitia himoglobini iliyoyeyushwa ndani ya mrija na kupitisha umeme. Ile ya wagonjwa ilisafiri tofauti na ya watu wenye afya, ishara kwamba chaji zake si sawa. Damu ya waliorithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ilikuwa na aina zote mbili. Matokeo yalichapishwa Novemba 1949, na kwa mara ya kwanza maradhi yakahusishwa na kasoro ya molekuli moja.

Mnamo 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa nchini Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani kuliko nyanda za juu.

Lakini mbona watoto wachanga huonekana wazima? Mwaka 1948, Dkt Janet Watson wa New York alikuwa amegundua kuwa chembe zao hupinda kwa nadra, akadhani wanakingwa na himoglobini ya kijusi. Hakukosea. Himoglobini hiyo haina ule mnyororo wa beta wenye kasoro, bali hutumia wa gama, ambao jeni zake hunyamazishwa miezi michache baada ya kuzaliwa. Siku hizi watafiti hukuza seli za shina katika maabara hadi ziwe chembe nyekundu, kisha hupima ni dawa gani au badiliko gani la jeni linaloamsha himoglobini hiyo ya utotoni.

Pauling hakuwa malaika. Mwaka 1968 alipendekeza vijana wenye jeni ya selimundu wachanjwe alama kwenye paji la uso ili wasioane. Ni wazo la kutisha, hasa katika nchi ambamo wenye jeni hiyo wengi wao walikuwa Weusi waliokwisha kubaguliwa vya kutosha. Uzeeni aliivumisha vitamini C kupita ushahidi uliokuwapo, na wanasayansi wenzake wakamkosoa vikali.

Alifariki Agosti 19, 1994 huko Big Sur, California, akiwa na umri wa miaka 93. Januari 1995, jaribio kubwa la dawa ya haidroksiurea, ambayo huongeza himoglobini ya kijusi, lilisitishwa mapema Marekani kwa kuwa ilikuwa wazi inapunguza maumivu ya wagonjwa. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni za mgonjwa ili himoglobini hiyo irejee. Gharama yake ingali mbali na uwezo wa mgonjwa wa kawaida wa Kisumu au Kilifi.