Humphry Davy na Siri ya Mwali

Wahenga walinena kuwa panapofuka moshi hapakosi moto. Lakini ni kwa nini mwali mmoja hutoa masizi na mwingine ukawaka safi? Swali hili, lionekanalo dogo, lilimshughulisha mwanakemia Mwingereza Humphry Davy wakati ambapo moto ulikuwa ukiwaangamiza watu chini ya ardhi.

Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 mjini Penzance, Cornwall. Babaye alifariki mwaka wa 1794 na kuiachia familia madeni, kijana akapelekwa kwa tabibu mpasuaji ili ajifunze kazi. Hakuingia chuo kikuu. Kemia alijifunza mwenyewe vitabuni. Hata hivyo, mwaka wa 1801 aliajiriwa katika Royal Institution, London, na mwaka wa 1807 akagundua potasiamu na sodiamu kwa kutumia umeme. Mwaka wa 1813 alimwajiri mjalidi kijana, Michael Faraday, awe msaidizi wake.

Mnamo Mei 1812, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, uliwaua watu 92. Wachimbaji hawakuweza kufanya kazi bila mwanga, ilhali taa zao ndizo zilizoiwasha methani iliyojaa mgodini. Mwaka wa 1815 Davy alibaini kuwa gesi hiyo haishiki moto ila kwa joto kali, na kwamba mwali haupenyi tundu jembamba la chuma kwa kuwa chuma huufyonza joto lake. Basi akauzungushia mwali wa taa wavu wa waya wenye matundu 784 katika kila inchi ya mraba. Taa hiyo ilijaribiwa migodini Januari 1816, naye akakataa kuichukulia hataza.

Utafiti huo ulimfikisha kwenye siri ya masizi. Alieleza kwamba ndani ya mwali, ambamo hewa haitoshi, joto huivunja gesi na kuzaa chembe ngumu za kaboni. Chembe hizo hung'aa na kutoa nuru ya manjano, kisha huteketea zifikapo ukingoni penye hewa. Zikipoa kabla ya hapo, hubaki masizi; ndiyo maana chuma baridi kikiingizwa mwalini hutoka cheusi, na koroboi yenye utambi mrefu mno hufuka moshi. Gesi ikichanganywa mapema na hewa ya kutosha, mwali huwa wa samawati usio na masizi. Wataalamu wa baadaye walibainisha kuwa chembe hizo huanza kuundwa joto lizidipo takriban nyuzi 1,000 za selisiasi, na kwamba chini ya kiwango hicho kuteketea kwake hufifia. Joto, basi, ndilo mzazi wa masizi na ndilo mharibifu wake.

Davy hakuwa malaika. Alimdharau George Stephenson, fundi aliyebuni taa yake mwenyewe wakati uo huo. Wala milipuko haikukoma: waya ziliota kutu, na baadhi ya wenye migodi waliwapeleka wachimbaji mahali palipokuwa pameachwa kwa hatari yake.

Alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 50. Aliuonyesha ulimwengu namna ya kuuzuia mwali. Tamaa ya binadamu haikuwa na wavu wa kuizuia.