Edward Tingatinga: Brashi ya mwana wa Ruvuma iliyozaa jina

UKITEREMKA kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utakutana na maandishi ya brashi kwenye kuta za maduka na ubavuni mwa vyombo vya majini: herufi nene, zilizolala kidogo, zilizochorwa kwa mkono. Brashi na rangi ya kopo ndivyo vifaa vilivyompatia umaarufu mzaliwa mwingine wa Mkoa wa Ruvuma, marehemu Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mashariki mwa mkoa huo, katika familia ya wakulima. Elimu yake haikuvuka shule ya msingi. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, mwaka 1955 aliondoka kwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza. Baada ya Uhuru aliishi kwa kazi za kubahatisha.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii waliosoma. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, mabaki ya ujenzi, akavipaka rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Alichora chui, tembo, ndege na mibuyu, mnyama mmoja akijaza ubao mzima, juu ya rangi moja tupu. Mkewe, Agatha, aliyemuoa mwaka 1970, alisaidia kuziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walifika kununua mahitaji yao. Wakati huo huo Tingatinga alikuwa ameajiriwa katika Hospitali ya Muhimbili.

Wateja walipoongezeka, aliwafundisha vijana, wengi wao ndugu zake, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Abdallah Ajaba na Simon Mpata.

Neema hiyo haikudumu. Usiku mmoja wa mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwasaka wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa mmoja wao. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40 hivi, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuitupa brashi. Waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina la mwalimu wao. Mtindo huo sasa unajulikana Ulaya, Marekani na Japani.

Kwa Kiswahili, tingatinga ni mtambo wa kulimia au kusukuma udongo. Lakini mgeni anayeshuka Dar es Salaam na kuulizia tingatinga hatafuti mtambo; anatafuta mchoro. Jina ambalo marehemu aliliandika kwa brashi pembeni mwa ubao limegeuka kuwa jina la sanaa nzima, huku wengi wanaolitamka wakiwa hawajui kwamba lilikuwa la mtu, tena mtu wa Tunduru, aliyeuawa bila kosa.