Pinto, Kabarnet na Gazeti la Wenyeji

Kila nisafiripo kutoka Nakuru kwenda Kabarnet, gari liachapo Marigat na kuanza kuikwea milima ya Tugen, humkumbuka hayati Pio Gama Pinto. Wanafunzi wetu wakimjua, humjua kama mwanasiasa aliyeuawa. Ni wachache walioambiwa kwamba alikuwa mwanahabari, na kwamba miaka ya mwisho ya kuzuiliwa kwake aliimalizia katika Bonde hili la Ufa.

Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wakiwa wenye asili ya Goa, akasomea India. Aliporejea alishika kalamu katika gazeti la Daily Chronicle, lililoupinga ukoloni waziwazi. Wakati huo hapa Nakuru palichapishwa Kenya Weekly News, sauti ya walowezi. Mwenye shamba alikuwa na gazeti lake. Skwota aliyemlimia hakuwa na msemaji humo.

Juni 1954, miezi mitano tu baada ya kumwoa Emma, serikali ya kikoloni ilimkamata Pinto. Alizuiliwa katika kisiwa cha Manda, kisha akahamishiwa Kabarnet, ambako mkewe alijiunga naye, hata akaachiliwa mwaka 1959.

Alipotoka hakukaa kitako kusimulia mateso yake. Mwaka 1960 alianzisha Sauti ya KANU, kisha akashiriki kuunda shirika la Pan African Press, lililochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Tazama jina hilo la mwisho: hata watu wa jimbo moja walistahili gazeti lao. Pinto alifahamu kwamba uhuru wa kusema haumfai sana asiye na mtambo wa kuchapia, karatasi na mshahara wa mwandishi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa garini. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Leo magazeti ya wenyeji hufa kwa njaa, bila amri ya mtu. Matangazo yamehamia kwenye simu, vyumba vya habari vimepunguza watu, na mwandishi wa mashambani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Bwawa la Patel lilipopasuka kule Solai, Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40, waandishi walimiminika kutoka kila pembe. Nauliza: ni nani aliyekuwa na kazi ya kwenda Solai kila mwezi kabla ya usiku ule, kuwauliza wanakijiji kuhusu maji yaliyokuwa juu ya vichwa vyao?

Nitaambiwa kwamba siku hizi kila mtu ni mwandishi, mradi ana simu. Sikubali. Simu hueneza neno upesi, lakini uvumi ukiumiza mtu hatumwoni wa kuwajibika. Mwanahabari aliyefunzwa huthibitisha kwanza, na jina lake huwa chini ya habari.

Walimu wenzangu, mtajieni Pinto wanafunzi wenu. Kisha wapeni daftari na kalamu, waende katika baraza la chifu au bunge la kaunti, waandike walichokisikia, wakihakikishe, wakibandike ubaoni shuleni. Gazeti la wenyeji laweza kuanzia hapo.