Mhindu Aliyepinga Sanamu

Wengi wetu tupitao mbele ya mahekalu ya Kihindu, hapa Ganjoni na kwingineko kisiwani Mombasa, hukimbilia kusema kwamba Wahindu wote huabudu sanamu. Kumbe aliyezipinga vikali alikuwa Mhindu, Swami Dayananda Saraswati, mzaliwa wa Tankara, Gujarat, mwaka 1824. Akiwa kijana katika mkesha wa Shiva, aliona panya wakiitambalia sanamu na kula sadaka. Imani yake ikatikisika. Akatoroka kwao, akasomeshwa Veda na mwalimu kipofu, Virajananda, akashikilia kuwa Mungu ni mmoja, hana umbo. Wahindu wengi, ni haki kusema, hawakumfuata. Aliasisi Arya Samaj mwaka 1875, akafariki mwaka 1883. Jumuiya hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903; huabudu mbele ya moto, pasipo sanamu.