Oscar Micheaux: mkulima aliyeuza kitabu kabla hakijachapwa

Ukame ulipoikumba South Dakota, Marekani, mwaka 1911, wakulima wengi walifunga virago. Mazao yalikauka shambani kabla ya kukomaa, na wenye kudai wakaanza kugonga milango. Miongoni mwa waliobaki na madeni alikuwa kijana wa miaka 27, Oscar Micheaux, mmoja wa watu weusi wachache sana waliolima katika eneo lile.

Mwaka huohuo mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, na mkewe akaondoka kurudi kwa wazazi wake Chicago. Ardhi nayo ilikuwa njiani kumponyoka. Mtaji uliobaki mikononi mwake ulikuwa mmoja: habari ya maisha yake, na majirani waliomfahamu. Kwa mtaji huo alianza biashara ya vitabu, na baadaye ya sinema, aliyoishika hadi kufa kwake.

Kutoka reli hadi plau

Micheaux alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa amezaliwa mtumwa huko Kentucky. Akiwa na miaka 17 alikwenda Chicago, akafanya kazi za sulubu, kisha akawa na mahali pake pa kung'arisha viatu vya wapita njia. Hapo alijifunza kuzungumza na mteja, na kuweka akiba senti kwa senti.

Baadaye aliajiriwa kuwa mhudumu katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Kazi ile ilimzungusha nchi nzima. Alisikia matajiri wakizungumza habari za ardhi, na aliona kwa macho yake jinsi bei ya shamba inavyopanda pale reli inapokaribia.

Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilifungua sehemu ya eneo la Rosebud, lililokuwa la Wahindi wa kabila la Sioux, ili walowezi wapewe mashamba. Kila shamba lilikuwa na ekari 160, na waombaji walipatikana kwa bahati nasibu. Micheaux alijiandikisha lakini hakubahatika. Hakukata tamaa, alinunua haki ya mtu mwingine aliyeamua kuachia shamba lake katika wilaya ya Gregory.

Kilimo hakukijua. Kama alivyosimulia mwenyewe, wafanyabiashara wa wanyama walimuuzia farasi na baghala wabovu, na majirani walimcheka alipokuwa akihangaika na plau katika ardhi ambayo haijawahi kulimwa. Lakini hakuondoka. Alipanda kitani, ngano na mahindi, akaongeza ekari, na majirani waliomcheka wakaanza kumheshimu. Mwaka 1910 gazeti la Chicago Defender lilichapa makala yake ya kuwahimiza watu weusi waache kubanana mijini na waende kutafuta ardhi.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya upanuzi huo ilitegemea mikopo. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na cha kulipia. Ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya ardhi yake ilikwenda kwa wadai.

Muswada badala ya mavuno

Katika kipindi hicho cha dhiki ndipo alipoanza kuandika. Hakuwa na elimu ya juu wala hakuwa amewahi kuandika kitabu. Aliandika alichokijua: kijana mweusi anayeacha reli na kwenda kulima, anafanikiwa, anaoa, kisha anapoteza. Mhusika mkuu alimwita Oscar Devereaux. Mji wa Gregory aliuita Megory, na mji jirani wa Dallas akauita Calias. Yeyote aliyeishi kule aliweza kumtambua jirani yake ndani ya kurasa zile.

Katika riwaya aliyoitoa mwaka 1917, ambayo inafuata maisha yake kwa karibu sana, ameeleza masaibu ya mwandishi mpya. Wachapishaji wanaurudisha muswada. Mwandishi anaona njia iliyobaki ni kukichapisha kitabu mwenyewe, lakini mwenye mitambo ya uchapaji anataka fedha, na fedha hana.

Hapo mkulima huyo alifanya hesabu ya kibiashara. Kama wachapishaji wa miji mikubwa hawakuona soko la kitabu kile, yeye alilijua lilipo. Lilikuwa pale alipolima. Alizunguka kwa wakulima, wenye maduka na wenye benki, akawaeleza kitabu kinahusu nini na kuandikisha oda kabla nakala hata moja haijachapwa. Wengi wa wateja hao walikuwa wazungu waliomwona akifika na plau yake na kumwona ukame ukimwangusha. Walitaka kusoma habari za eneo lao na, bila shaka, kuona wao wenyewe wameandikwaje.

Kitabu hicho, The Conquest, kilichapwa mwaka 1913 na Woodruff Press ya mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska. Nakala zilikuwa 1,000. Jina la mwandishi halikuwekwa. Palisomeka tu kwamba kimeandikwa na mlowezi wa mwanzo. Alikitabaruku kwa Booker T. Washington, kiongozi wa watu weusi aliyekuwa akihimiza kilimo na ufundi.

Kisha kazi ya kuuza ikaanza. Micheaux alibeba vitabu mlango hadi mlango. Soko la nyumbani lilipopungua alikwenda majimbo ya kusini, akauza kwa watu weusi wa miji kama Atlanta na Birmingham, na akatafuta mawakala wa kumsaidia. Safari ile nayo hakuiacha ipotee bure. Mwaka 1915 alitoa riwaya ya pili, The Forged Note, ambayo mhusika wake mkuu ni mwandishi anayetembeza kitabu chake kusini. Safari hii mchapishaji alikuwa kampuni yake mwenyewe, Western Book Supply Company. Riwaya ya tatu, The Homesteader, yenye kurasa zaidi ya 500, ilitoka mwaka 1917 akiwa amehamia Sioux City, jimbo la Iowa.

Oda kwanza, bidhaa baadaye

Mwaka 1918 kampuni ya sinema iliyomilikiwa na watu weusi, Lincoln Motion Picture Company, ilimwandikia ikitaka kuigeuza The Homesteader kuwa filamu. Micheaux alikubali, lakini alitaka kuwamo katika utengenezaji wenyewe. Mazungumzo yakavunjika.

Aliamua kutengeneza mwenyewe, ingawa hakuwa na uzoefu wa kamera kama ambavyo hakuwa na uzoefu wa plau. Alianzisha Micheaux Film and Book Company na kuuza hisa. Miongoni mwa walionunua walikuwa wakulima wa maeneo ya Sioux City, watu wa aina ileile waliokuwa wakinunua vitabu vyake. Filamu ilionyeshwa Chicago Februari 1919. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa na kuongozwa na Mmarekani mweusi.

Kwa miaka iliyofuata aliendesha sinema kama alivyoendesha vitabu. Alikwenda kwa wenye kumbi akiwa na picha za waigizaji wake, akawaonyesha filamu itakavyokuwa, na kuomba walipe sehemu ya fedha mapema. Fedha hizo zilisaidia kugharimia filamu inayofuata. Kwa njia hiyo alitoa filamu zaidi ya 40, katika nchi ambayo kumbi nyingi ziliwatenga watu weusi na kampuni kubwa hazikuwapa nafasi. Within Our Gates ya mwaka 1920 ilionyesha wazi mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu.

Hasara nazo zilikuja

Njia hiyo ilikuwa na ubaya wake. Fedha ya oda ni deni, na anayeishi kwa oda ya kesho hana akiba siku kesho inapochelewa. Mwaka 1928 kampuni yake ilifilisika. Alisimama tena kwa msaada wa wenye fedha kutoka nje, na mwaka 1931 akatoa The Exile, filamu ndefu ya kwanza yenye sauti kuongozwa na Mmarekani mweusi. Lakini filamu za sauti zilikuwa ghali, na sasa hakuwa na uhuru wote aliokuwa nao mwanzo.

Katika miaka ya 1940 alirudi pale alipoanzia. Aliandika riwaya nyingine nne, akazichapisha kwa kampuni yake mjini New York, na akasafiri tena kuziuza. Kwa jumla alitoa riwaya saba. Mwaka 1948 alijaribu filamu ya mwisho, The Betrayal, iliyodumu zaidi ya saa tatu. Wahakiki waliiponda na watazamaji hawakufika. Hasara ile hakuifidia tena.

Micheaux alifariki dunia tarehe 25 Machi 1951 mjini Charlotte, North Carolina, akiwa safarini kikazi. Alikuwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Great Bend, jimbo la Kansas, karibu na ndugu zake.

Heshima ilikuja baadaye. Mwaka 1987 jina lake liliwekwa kwenye njia ya nyota Hollywood, na mwaka 2010 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake. Filamu zake nyingi zimepotea, pamoja na ile ya kwanza. Ekari alizozilima zilikwenda kwa wengine. Lakini The Conquest, kile kitabu ambacho majirani walikiandikishia oda kabla hakijakuwapo, kilichapwa upya mwaka 1994 na chuo kikuu cha Nebraska, jimbo lilelile kilikochapwa mara ya kwanza, na wasomaji wanakinunua hadi leo.